Chakula cha Wakwe katika Matanga ya Navalayo

Maximilla wa Navakholo ni mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye ukikutana naye njiani atakusalimu yeye kwanza, uwe mkubwa au mdogo kwake, kisha atakuuliza kama umekula. Wengine huuliza hivyo kwa adabu tu. Yeye ukimjibu hapana anageuka, mnarudi naye hadi jikoni kwake. Mimi nimezunguka upande huu muda mrefu na kazi yangu ya kuziba sufuria zilizotoboka, na sikumbuki kupita kwa huyo mama nikatoka na njaa. Naandika habari zake kwa sababu lililompata lilimpata kwa njia ya chakula, na huko sokoni watu wanalisimulia vibaya.

Kwao ni upande wa Khayega. Alipokuwa msichana alikuwa na rafiki yake mmoja anaitwa Dorothy. Walikuwa wakipanga ndizi pamoja sokoni, gunia moja wamelitandika chini, huyu akienda kunywa chai yule anauza za wote wawili. Kisha Maximilla akaolewa huku Navakholo na bwana mmoja anaitwa Shitanda, mkata miwa, mtu wa maneno machache sana. Dorothy akaolewa hukohuko Khayega. Shitanda akafa mapema. Katika watoto wa Maximilla aliyebaki hai ni Osundwa peke yake, na Osundwa alipokua akapata kazi ya kuendesha trekta za miwa kule Mumias.

Alipofika umri wa kuoa, mama yake hakumwacha atafute ovyo. Alikwenda kwa Dorothy. Dorothy alikuwa na binti, Navalayo, mfupi, mcheshi, mwenye sauti ambayo ukiisikia kanisani unageuka kutafuta inatoka wapi. Dorothy alisema maneno ambayo Maximilla anayakumbuka hadi leo. Alisema, "Huyo kijana wako simjui vizuri. Lakini wewe nakujua. Namleta kwako wewe."

Basi ikawa hivyo. Osundwa alikuwa anakaa Mumias na kuja nyumbani mara mojamoja, na hao wanawake wawili wakaishi pamoja, mama mkwe na mke wa mwana, wakisonga obusuma, ndio ugali wa huku, katika jiko moja. Anayejua nyumba za huku atakuambia jambo hilo ni adimu. Wakipishana ni kwa utani. Navalayo alikuwa akimwambia, "Mama, obusuma yako ngumu hivi unataka nijenge nayo nyumba?" Naye anajibu, "Jenga, ya bwanako inavuja." Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Ashley.

Ugonjwa ulianza na obusuma hiyohiyo. Navalayo akasema inamkwama. Wakacheka kidogo. Halafu akaacha obusuma, akawa anakula wali. Wali nao ukamkwama, akaanza viazi vya kuponda, mwishowe uji. Akawa anakonda mbele ya macho ya watu, na wewe unajua watu wa huku mtu akishindwa kumeza wanasema nini. Wanasema amelishwa. Wanasema kuna mkono uliomtilia kitu kwenye chakula, na mkono huo hautafutwi mbali, unatafutwa jikoni.

Osundwa alimpeleka hospitali, madaktari wakasema ni saratani ya koo, na wamechelewa. Waliporudi, Osundwa alimketisha mama yake jikoni akamwambia, "Kwao wasijue."

"Wasijue namna gani? Ni mtoto wao."

"Mama, mwanamke hawezi kumeza, anaishi na wewe, anakula kwa mkono wako. Unafikiri watasema nini? Watasema saratani? Ngoja kwanza apate nafuu. Akipata nafuu tutawaita."

Maximilla aliogopa, akanyamaza. Dorothy alipokuwa akipiga simu, Maximilla ndiye aliyekuwa akishika. Siku moja anasema Navalayo yuko sokoni, siku nyingine anasema amekwenda kuteka maji. Mara ya mwisho alisema yuko shambani anapalilia. Navalayo alikuwa kitandani hapo karibu, anasikia kila neno. Simu ilipokatwa alimtazama mama mkwe wake, na kwa ile sauti iliyokuwa imebaki kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, akasema, "Mwambie aje tu." Maximilla akamwambia kesho. Kesho yake Osundwa akasema ngoja. Hakupata nafuu.

Simu ya kwanza ya kweli ambayo Dorothy alipigiwa kutoka Navakholo ilikuwa ya kifo. Aliyepiga ni Maximilla. Dorothy akauliza, "Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa kidogo."

"Kidogo," Dorothy akasema, na simu ikakatika.

Sasa nieleze jambo la chakula, kwa maana ndipo mambo yote yalipolala. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa akifa, watu wa kwao wanakuja kumzika kwa bwana, na baada ya kuzika wanaketishwa ndani ya nyumba, peke yao, na mama wa boma ndiye anayewapikia. Wanapelekewa kwenye sinia, kuku na obusuma, pamefunikwa kitambaa. Wakila, ukwe umebaki. Watoto watakaa kwa baba yao na watakuwa wanatembea huku na huku. Sinia ikirudi haijaguswa, basi hapo kila mtu amejua. Watainuka na watoto wao, na njia ya kati ya maboma hayo mawili itaota nyasi. Ndivyo watu wa boma lile wanavyofanya, na ndivyo Dorothy anavyojua. Kwa hivyo Maximilla alijua kwamba siku ya mazishi Dorothy atatakiwa kula kutoka kwa mkono uleule ambao soko zima linasema ndio uliomlisha binti yake. Asipokula, Ashley ataondoka.

Kamati ilikaa uwanjani. Mwenyekiti alikuwa Makhanu, ndugu yake marehemu Shitanda, mzee mwenye tumbo na kifimbo. Osundwa alikuja na mama mmoja kutoka mjini Kakamega anaitwa Kemunto, ambaye kazi yake ni keteringi. Anakodishwa pamoja na hema, meza, wapishi waliovaa kofia nyeupe, na vile vyombo vinavyong'aa vya kuweka chakula kikae moto. Mimi nilikuwa kando naziba sufuria kubwa ya kanisa, kwa hivyo nilisikia.

Kemunto aliwaonyesha picha kwenye simu. "Kuna njia mbili," akasema. "Tunaweza kupakua na kuwapelekea watu walipoketi. Hiyo inataka vijana wengi wa kubeba, na chakula kinapoa. Ama tunapanga meza, watu wanapita na laini, kila mtu anapakuliwa anachotaka. Hiyo ndiyo watu wanapenda sasa. Hata kwa matanga."

"Na wakwe?" Makhanu akauliza.

"Wakwe wanaitwa kwanza kabla ya wengine. Ni heshima hiyo, mzee."

"Heshima ya kusimama na sahani kama watoto wa shule? Sisi hatukulangi hivyo. Mkwe anaketi. Unamtumia sinia."

Osundwa akasema, "Baba mdogo, siku hizi hata maaskofu wanapanga laini."

"Askofu hajaolewa kwa hii boma," Makhanu akajibu, na watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamevimba macho.

Osundwa hakucheka. Akainuka akaongea polepole, na wenye masikio walimwelewa. Alisema chakula cha laini kinapikwa na watu wa mbali, wasiojuana na mtu yeyote. Kinapikwa uwanjani kila mtu anaona. Wote wanakula kutoka sufuria moja. "Hakuna mtu atasema kitu," akasema. Akaketi.

Basi hapo kila mtu akatazama chini, kwa maana alikuwa amelitaja lile jambo bila kulitaja. Na kuna lingine ambalo Maximilla alilielewa peke yake. Kwenye laini, mtu asipokula haonekani. Anaweza kupita na sahani, akaenda nayo nyuma ya hema, akaiacha chini kwenye nyasi. Hakuna sinia inayorudi. Hakuna jibu.

Makhanu akamgeukia. "Mama Osundwa, boma ni lako. Sema wewe."

Maximilla aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kusema sinia. Alikuwa ameshalitia neno mdomoni. Lakini aliona hiyo sinia ikitoka kwenye mlango wa nyumba yake, imefunikwa vilevile, ikipita katikati ya umati wote wa Navakholo. Akasema, "Laini."

Makhanu akagonga ardhi na kifimbo chake. "Haya. Laini."

Siku ya mazishi kulikuwa na jua kali asubuhi, la aina ile inayoleta mvua mchana. Wa Khayega walifika na basi dogo la kukodi, wakaingia kimya. Kwa desturi wanawake wa kwao marehemu huingia na kilio, wengine huja wakirusha maneno makali. Hawa waliingia kama watu wanaoingia ofisini. Dorothy alikuwa mbele, leso mbili, moja kiunoni, moja kichwani, mguu mmoja unaburuta kidogo. Alikwenda hadi kwenye sanduku, akatazama kile kidirisha cha kioo kwa muda mrefu. Uso wa Navalayo ulikuwa umekuwa mdogo sana. Mama mmoja wa Navakholo akaanza kuimba ili kuondoa ule ukimya, akaishia njiani.

Walimzika. Mhubiri hakusema mambo mengi, Mungu ambariki.

Halafu mshika maikrofoni akatangaza chakula. Alikuwa kijana wa harusi na mikutano, amezoea sauti ya furaha, na hata akiizuia inamtoka. "Tunaomba wakwe wetu kutoka Khayega waje mbele kabisa! Mbele kabisa! Wengine tutulie, kila mtu atakula!" Meza ilikuwa ndefu, kitambaa cheupe hadi chini, wapishi wa Kemunto wamesimama nyuma yake na kofia zao, mmoja wa wali, mmoja wa viazi, mmoja wa kabeji. Na mwisho kabisa wa meza, kwenye kuku, alisimama Osundwa.

Kemunto alikuwa amemwambia kwamba kule mjini mwenye shughuli husimama mwisho wa meza kuwashukuru wageni. Osundwa alipenda wazo hilo. Aliomba na ile koleo ya kuchukulia nyama, akasema mama mkwe wake atampakulia mwenyewe, kuku, kwa mkono wake, watu waone anavyomheshimu. Sijui ni kwa nini hakuna aliyemkataza. Nadhani kila mtu alikuwa anatazama chakula. Tulikuwa tumehangaika na neno la nani apike, tukasahau kabisa neno la nani asimame wapi.

Kwa sababu huku mama mkwe hasimami uso kwa uso na mume wa binti yake, sahani mkononi, akisubiri atiliwe nyama. Hata njiani wakikutana mmoja hupinda kando. Mama mkwe kula mbele ya mkwe wake wa kiume ni aibu ambayo ukiieleza mjini wanakucheka, lakini hapa mtu mzima anaweza kulala njaa wiki nzima kabla hajaifanya.

Dorothy alichukua sahani kama alivyoelekezwa. Akapita kwenye wali, akatingisha kichwa. Akapita kwenye viazi, akatingisha kichwa. Alikuwa anatazama chini, kwa hivyo hakumwona mpaka alipoona viatu vya mwanamume upande wa mbele wa meza, akainua macho. Osundwa alikuwa amemnyooshea paja la kuku kwa ile koleo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi sitasema alikuwa na nia mbaya. Akasema, "Mama, karibu."

Dorothy aliivuta leso yake ya kichwani ikamfunika uso wote. Akainama, akaiweka sahani kwenye nyasi, imepinduliwa, mgongo juu. Akaondoka kwenye laini. Nyuma yake dada yake akaweka ya kwake chini vilevile. Na aliyemfuata. Na aliyemfuata. Zikawa sahani nyeupe mbele ya meza zimelala kifudifudi, na watu wote wa Navakholo wamesimama wanatazama, na yule kijana wa maikrofoni anasema, "Eh… basi… basi tuendelee…"

"Zima hicho kitu!" Makhanu akamfokea.

Walichokuwa wamekificha kwenye laini ndicho laini ilichokianika. Sinia ingerudi imefunikwa, ingekuwa aibu ya nyumba moja. Hii ilikuwa aibu ya uwanja mzima. Na tayari mabinti wawili wa Khayega walikuwa wameingia kwenye nyumba ya Osundwa na kutoka na nguo za Ashley zimefungwa kwenye shuka.

Ndipo mvua ikaja. Hapa kwetu mvua ya mchana haibishi hodi. Iliangusha upande mmoja wa hema, wapishi wakakimbia na vyombo vyao, na lile basi dogo lilikuwa limesimama mbali kule barabarani kwa sababu ya tope. Makhanu alimwendea Dorothy mwenyewe, kofia mkononi, mvua ikimpiga kipara. "Mama, nitukane baadaye. Ingia ndani kwanza. Hautaingia kwa mkwe wako, utaingia kwa Maximilla. Mvua ikiisha nitakusindikiza hadi kwenye gari." Dorothy akaingia kwa sababu ya mtoto aliyekuwa amemshika mkono, analowa.

Mimi nilikimbilia jikoni kwa Maximilla. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, anasonga obusuma. Pembeni kulikuwa na chungu. Alikuwa amechinja kuku alfajiri kabla watu hawajaamka, akampika akamwacha kwenye majivu, hajui kama atakuwa na ujasiri wa kumtoa. Mwiko ulikuwa unakwenda sawasawa, kwa maana mikono yake imesonga maisha yote.

Nikamwambia, "Maximilla, wameshakataa. Kila mtu ameona."

"Wamekataa cha Kemunto," akasema. "Cha kwangu hawajaletewa."

"Na wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa changu. Nishikie mlango."

Akatandaza obusuma kwenye sinia, akapanga kuku kando, mapaja, kifua, na ile firigisi ambayo hupewa mkubwa. Akafunika kwa kitambaa. Akabeba sinia kwa mkono mmoja na jagi la maji ya kunawa kwa mwingine, beseni kalibana kwapani, akavuka uwanja kwenye ile mvua, mbele ya watu wote waliojibana chini ya hema. Mimi nilibaki kwenye mlango wa jikoni. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe, na sijui mtu wa kudanganya kidogo kuliko yeye, ukiondoa zile simu.

Dorothy alikuwa ameketi kwenye kochi, Ashley katikati yake na dada yake. Wengine wamekaa kwenye mkeka. Maximilla aliweka sinia mezani akaifunua. Mvuke ukapanda. Akachukua kipande cha obusuma ili aonje kwanza mbele yao, kama mtu anayetuhumiwa anavyofanya.

Dorothy akasema, "Usionje. Sikuja kukupima."

Maximilla akakirudisha kile kipande. Akasimama hapo.

"Alikuwa anakula nini?" Dorothy akauliza.

"Nani?"

"Unajua nani. Huko mwishoni. Alikuwa anakula nini?"

"Uji. Mwepesi, nilikuwa naukamua kwenye kitambaa. Baadaye maji ya wali. Nilikuwa namtilia na kijiko cha dawa ya mtoto."

"Na baadaye?"

"Baadaye hakula. Nilikuwa namlowesha midomo."

Dada yake Dorothy akaanza kulia. Dorothy akamwambia, "Wewe nyamaza." Kisha akamgeukia tena Maximilla. "Nilipopiga simu ukasema yuko shambani."

"Ndiyo."

"Alikuwa wapi?"

Maximilla angeweza kusema alikuwa amelala. Aliniambia kwamba neno hilo lilimjia, lilikuwa jepesi, na hakuna aliyekuwepo wa kulipinga. Akasema, "Alikuwa hapo, kitandani. Alinisikia. Alisema nikwambie uje tu. Nikamwambia kesho."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, wanaongea kwa sauti ya juu kama watu wanaogombana, na hawakuwa wanagombana.

"Aliniita?"

"Alikuita."

Dorothy akaitazama ile sinia. Watu wa huko kwao wote walikuwa wanamtazama yeye, kwa maana mkono wake ndio uliokuwa unangojwa. Akisema tuondoke wataondoka. Akinyoosha mkono watakula. Ashley akasema, "Kukhu, nina njaa." Hakusema anamwambia bibi yupi, na wote wawili wakageuka.

Dorothy akanyoosha mikono yake mbele. Maximilla hakuelewa mara moja. Halafu akachukua jagi, akapiga magoti na beseni, akammiminia maji. Dorothy akanawa polepole, vidole vyote, mpaka kwenye kifundo. Akamnawisha na mtoto. Akamega obusuma, akaibonyeza shimo kwa kidole gumba kama inavyotakiwa, akachovya kwenye mchuzi wa kuku, akamlisha Ashley. Akamega tena. Akachambua nyama kwenye mfupa akamtia mdomoni. Alimlisha vivyo hivyo, tonge kwa tonge, mbele ya watu wake na mbele ya Maximilla, mpaka mtoto akasema ameshiba. Yeye mwenyewe hakuweka kitu mdomoni. Hata vidole hakulamba.

Akanyoosha mikono tena. Maximilla akamnawisha.

"Umeona," Dorothy akasema. "Hao wanaosema ulimlisha mtoto wangu, waambie nimemlisha mjukuu wangu chakula chako kwa mkono wangu. Hilo nimemaliza. Hakuna mtu wa Khayega atalisema tena."

"Asante, mama Navalayo."

"Usinishukuru, sijamaliza. Nilikuletea wewe. Sikumletea Osundwa, niliku-le-te-a wewe. Akaniita, ukamwambia kesho." Akafuta mikono kwenye leso. "Kula chako siwezi. Nikila nitakuwa nimesema ilikuwa sawa. Haikuwa sawa."

"Haikuwa sawa," Maximilla akasema.

"Mtoto naenda naye."

"Atakuwa anakuja?"

Dorothy akamfunga Ashley leso yake moja kichwani kwa ajili ya matone, akamshika mkono, wakatoka. Mvua ilikuwa imepungua. Makhanu aliwasindikiza kama alivyoahidi, akiwaonyesha kwa kifimbo mahali pa kukanyaga. Niliwaona wakipita kwenye zile sahani zilizopinduliwa, zimerukiwa na tope sasa, na mtoto akaruka moja kwa mguu, kama mchezo. Mmoja wa mashangazi akamvuta.

Kule sokoni wanasema wakwe walikataa chakula cha mchawi. Wengine wanasema walikula, wanaapa kwamba waliona mifupa. Wote hawakuwemo ndani.

Maximilla alibaki na sinia. Chakula kile hakiwezi kupelekewa watu wengine, kilikuwa cha wakwe, na kwa mbwa hakimwagwi. Akaketi mahali pale Dorothy alipokuwa ameketi, kochi bado lina joto, akaanza kukila mwenyewe. Obusuma ilikuwa imepoa na kukakamaa. Alikuwa anakula bila haraka, kama mtu aliyepewa kazi.

Osundwa alikuja akasimama mlangoni, shati limemganda mwilini, ile koleo ya Kemunto bado mkononi. Hakuingia. Aliitazama mifupa kwenye sinia.

"Mama. Wamekula?"

"Mtoto amekula," akasema Maximilla, akamega tena.